Re: Kuku wanakoroma, antibiotiki haisaidii

Habari ndugu. Unasema kuku walikoroma, wakapata nafuu kwa antibiotiki, kisha vifo vikarudi. Nashuku virusi zaidi ya aina moja. Virusi vya kideri (Newcastle) na vya bronkaitisi ya kuku, kwa mfano, vikiingia pamoja huchubua utando wa njia ya hewa, na bakteria wa E. coli hupata mlango. Dawa yako iligusa bakteria tu.

Cha kwanza, nusa banda: amonia (gesi kali ya kinyesi) ikikuchoma macho, kuku hawatapona humo. Kisha muite daktari wa mifugo apasue waliokufa. Vifuko vya hewa vilivyopoteza uangavu na kuwa na utando wa njano ni dalili ya E. coli. Usipasue mwenyewe, huenda ni mafua ya ndege. Virusi gani hasa, maabara ndiyo itasema. Tafadhali usiwachanje wakiwa bado wanakoroma!