Re: Wenyeji wa Mwanjelwa wamekwenda wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukirudi Mwanjelwa, mtaa wa Jiji la Mbeya, humkuti jirani hata mmoja wa zamani. Hawajafukuzwa na mtu, wamehama kidogo kidogo, na wengi wamehama na hela mfukoni.

Anza na idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu Jiji la Mbeya watu 385,279, ya 2022 ikakuta 541,603. Hao wote wanataka kula, kulala na kununua mitumba, na Mwanjelwa iko kandokando ya barabara kuu ya Tunduma, soko liko hapo hapo. Sasa mzee mwenye nyumba ya vyumba sita anapangisha kwa mwezi. Akifariki, watoto watano hawawezi kugawana vyumba sita bila kugombana, wanauza. Mnunuzi ni mfanyabiashara: anabomoa, anapandisha fremu za maduka, juu anaweka stoo au gesti. Kiwanja kimebaki kile kile, ila hakuna tena familia inayolala hapo.

Warithi wanakwenda pembezoni mwa jiji, Isyesye, Uyole au Iwambi, wananunua kiwanja kikubwa zaidi na chenji inabaki. Anayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja, mama wa mbogamboga, kwa sababu hana cha kuuza. Yeye anasukumwa juu mlimani au mbali, na nauli ya bajaji asubuhi inakula faida yake. (Halafu tunashangaa parachichi kupanda bei!)

Kwa hiyo usiseme mtaa umetajirika. Majengo ndiyo yametajirika.