Tamthilia ninazozipenda ni zile zinazojua zitaishia wapi

Wakuu, mleta uzi kauliza mambo mawili: sasa hivi unaangalia tamthilia gani, na ipi ndiyo ya maisha yako yote. Wengi mmetaja majina mkaondoka. Mmoja wenu kaongeza kwamba kwa Kiswahili haijawahi kutengenezwa tamthilia ya kumkalisha mtu akatulia. Nitajibu yote kwa kirefu, maana haya mambo nayapenda na nimeyaishi.

Kuna miaka nilikuwa nauza duka la kaka yangu la kukodisha muvi, Ngamiani, Tanga. Enzi hizo flashi hazijashika kasi, watu wanachukua diski jioni wanarudisha asubuhi, na sizoni ndizo zilizokuwa zinalipa pango. Pale ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia mpaka leo. Mteja akichukua diski ya kwanza hana la kusema. Msikilize akirudisha ya mwisho. Kuna sizoni mtu alikuwa anairudisha huku bado anasimulia, jioni anakuja shemeji yake, kesho jirani yake, wote wanaitaka ileile. Na kuna nyingine ulianza nayo mtaa mzima, kufika katikati wakapungua, mwishoni akabaki mmoja anayeweka diski mezani bila hata kuuliza kinachofuata.

Chukua Prison Break. Wateja wetu hawakuiita kwa jina hilo, walikuwa wanasema "nipe Scofield". Msimu wa kwanza ulitoka 2005, una sehemu 22, na mpaka leo sijaona msimu wa kwanza uliosukwa vizuri kama ule. Michael Scofield kajichora mwilini ramani ya gereza la Fox River, kaingia humo kwa makusudi ili amtoe kaka yake Lincoln anayesubiri kuuawa kwa kosa ambalo hakulifanya. Tarehe ya kifo imeshapangwa. Kila skrubu inayofunguliwa, kila mlinzi anayegeuka, kuna siku inahesabiwa. Mwisho wa msimu wanaruka ukuta, na kwa kweli hadithi ilikuwa imefika. Lakini ilikuwa inauza, kwa hiyo ikaendelea. Msimu wa tatu wakamrudisha stelingi gerezani, safari hii Panama, na mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2007 hadi 2008 ukaukata ukabaki na sehemu 13. Mwisho wa msimu wa nne, 2009, stelingi akafa, tukaoneshwa na kaburi lake. Mwaka 2017 akarudi akiwa mzima. Dukani niliona kwa macho yangu: diski za msimu wa kwanza zilichakaa mpaka zikawa zinakwama, za msimu wa nne zilikuwa zinang'aa.

Sasa weka pembeni yake Jumong. Hii ni ya Korea, ilirushwa huko kati ya 2006 na 2007, huku kwetu ikaingia baadaye kidogo na ikashika kweli kweli. Ni hadithi ya mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo, mwaka wa 37 kabla ya Kristo kwa mapokeo yao. Ilipangwa iwe na sehemu 60, ikapendwa, wakaivuta mpaka 81. Na unaiona ilipovutwa: katikati kuna vikao vya baraza na majeshi yanayokwenda na kurudi bila kupigana. Lakini haikupotea, kwa sababu tangu mwanzo unajua huyu kijana anayedharauliwa ikulu na wana wa mfalme, Daeso na mdogo wake, lazima asimamishe nchi yake. Hata fundi wa chuma, Mo Pal Mo, ana safari yake ndani ya hiyo safari: anatafuta siri ya kufua upanga usiokatika mbele ya panga za Wahan, yaani Wachina wa enzi hizo. Anajaribu, unavunjika, anajaribu tena, na siku alipofaulu wateja walikuja dukani wanaongea habari za mfua vyuma wala si za stelingi.

Jirani yetu pale alikuwa fundi cherehani, mtu mzima, aliyekuwa akichukua Jumong diski mbili mbili. Tulipofika ya mwisho akanirudishia mkononi. "Iache kwanza, mdogo wangu. Nikiimaliza hii nitaangalia nini?" Nikamwekea chini ya meza, mpaka siku moja akaja mwenyewe akaidai. Kesho yake nguo za watu hazikushonwa. Alikuwa kasimama mlangoni kwake anabishana na vijana wa bodaboda kama Soseono, mke wa Jumong, alikuwa na haki ya kuondoka na wanawe kwenda kusini baada ya kumsaidia Jumong kujenga nchi. Yeye alisema alikuwa na haki. Mimi pia nasema alikuwa na haki, na huo ndio mwisho ninaoupenda: umefunga hadithi, lakini umewaachia watu la kubishania.

Kuna watu hawataki kabisa kuambiwa mwisho. Nawaelewa, lakini ile Sultan ya Waturuki ilinionesha kwamba tamthilia iliyosimama vizuri haipungukiwi kitu ukijua mwisho wake. Kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ilioneshwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014, sehemu 139, na sisi tukaipata chaneli ya Azam Two ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Nyumbani tulikuwa tunaiangalia ukoo mzima. Mjomba wangu, mwalimu wa historia, akasema mapema tu bila kuulizwa: huyu Ibrahim Pasha mnayempenda atauawa kwa amri ya rafiki yake Sultani Suleiman. Akatoa na mwaka, 1536, usiku wa mwezi wa Ramadhani, baada ya kula chakula na Sultani. Watu wakamlaumu kwamba kaharibu. Hakuharibu kitu. Kuanzia hapo kila Suleiman alipomshika Ibrahim bega tulikuwa tunaona mkono utakaotoa amri. Ilipofika ile sehemu yenyewe, Ibrahim kalala ikulu, shangazi yangu akawa anamsemesha kabisa: "Usilale huko, baba. Rudi kwako kwa mkeo." Alikuwa anajua tangu miezi ile kwamba harudi.

Na walipofika kwenye kuuawa kwa Mustafa, mtoto wa Suleiman, tukio la 1553, huko Uturuki watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa. Tukio la karne ya 16 lililomo kwenye vitabu vyao vya shule, na bado liliwauma.

Sitaki kusema Sultan haikuyumba. Yule aliyecheza Hurrem, mke wa Suleiman, Meryem Uzerli, aliondoka 2013 kabla msimu wa tatu haujakwisha, ikabidi wamlete Vahide Perçin acheze Hurrem aliyekwenda umri. Tamthilia nyingine ingekufa hapo. Hii ilisimama kwa kuwa njia ilikuwa imeshachorwa: Suleiman anakufa vitani 1566, na wote walio hai lazima wafikishwe huko.

Sasa nije kwa aliyesema Kiswahili hatuna. Mkuu, nakukatalia kwa nguvu zote. Tuliokua na ITV tunakumbuka michezo ya kundi la Kaole, iliyotutolea akina Kanumba, Ray na Johari. Upande wa Kenya kuna Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC, zilizodumu miaka na miaka bila kuchacha. Vioja naipenda kwa jinsi ilivyoundwa: mshitakiwa anaingia, kesi inasikilizwa, hakimu anatoa hukumu, mnakwenda kulala. Kila kipindi kina mwisho wake humo humo, ndiyo maana iliweza kuendelea muda wote ule.

Lakini tamthilia yangu ya maisha yote ni Siri ya Mtungi. Ilianza kuoneshwa mwishoni mwa 2012, misimu miwili, basi. Cheche Mtungi ni kijana mpiga picha wa Bagamoyo, ana mke, Cheusi, ana studio inayosuasua, na ana macho yasiyotulia. Kuna Mzee Kizito na wake zake. Fedha zilitoka Marekani, kwenye mpango wao wa kupambana na Ukimwi, kwa hiyo ndani mna ujumbe wa afya na uzazi wa mpango. Kwa kawaida tamthilia za namna hiyo naziogopa, maana mtu anafungua mdomo anatoa hotuba ya kliniki. Hii haikufanya hivyo. Cheche hakuwa mtu mbaya wa kuoneshwa kidole. Alikuwa mtu unayemjua: anayempenda mkewe kweli, na bado anachelewa kurudi nyumbani. Na Cheusi hakuwa mke wa kulia tu jikoni. Watu walizungumza Kiswahili cha watu, mtu anamkata mwenzie kauli, mtu ananyamaza pale ambapo tamthilia nyingine ingepiga ngoma ya mshtuko. Kamera nayo ilikuwa na subira: inakaa kwenye uso wa mtu mpaka uone uamuzi unavyoingia.

Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa nzuri vile, na naamini moja ya sababu ni hiyo hiyo ya fedha. Fedha za mradi zina mwanzo na mwisho. Mwandishi anajua ana sehemu kadhaa, anajua ya mwisho ni ipi, kwa hiyo siri anayoifukia mwanzoni anajua ataifukua wapi.

Linganisha na tamthilia ya kila siku. Ukionesha siku tano kwa wiki, mwaka mmoja unataka sehemu 260. Jumong yote, na urefu wake ule, ingekwisha kwa miezi minne tu. Waandishi wanaandika usiku kinachopigwa picha wiki ileile, hawajui kama mkataba utaongezwa au utakatwa, na mwigizaji akipata kazi nyingine lazima waseme kasafiri. Ndipo yanapokuja yale tunayoyajua wote: mtoto alibadilishwa hospitali, kumbe ana pacha wake, mtu kapata ajali kasahau mpaka jina lake, aliyezikwa anabisha hodi. Ukiona la pacha limetokea, ujue hadithi ya kwanza imeshakwisha na mtu hakupewa ruhusa ya kuifunga. Simlaumu mwandishi. Watazamaji wanalipia kifurushi mwezi kwa mwezi, na chaneli haiko tayari kuizima tamthilia inayowafanya walipie.

Ndiyo maana nawaheshimu sana waliotengeneza Maria ya Citizen TV. Yasmin Said akiwa Maria, Brian Ogana akiwa Luwi, Bridget Shighadi akiwa Sofia. Ilikuwa ya kila siku, ilianza 2019, na mwanzoni mwa 2021 ikafungwa wakati watu bado wanaitaka. Wakenya walilalamika sana mitandaoni. Binafsi niliona wamefanya jambo la kishujaa, kwa sababu yule binti wa mtaani aliyeingia nyumba ya matajiri akiwa na mdomo wake na kofia yake alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. Baada yake ikaja Zora, watu wapya, hadithi mpya. Huo ndio utaratibu ninaoutamani huku kwetu.

Sasa hivi naangalia nini? Naangalia Jua Kali ya mwongozaji Lamata, chaneli ya Maisha Magic Bongo. Ilianza 2021 na niko nayo. Naipenda kwa wanawake wake. Wanagombana wakiwa na sababu, kila mmoja ukimsikiliza peke yake unamwona ana haki, na mapenzi yao yamechanganyika na fedha kama yalivyo mitaani kwetu. Hofu yangu ni ileile: siku hizi naangalia huku najiuliza kama kuna mtu pale ofisini kwao ana karatasi yenye sehemu ya mwisho. Wangetangaza kesho kwamba imebaki miezi sita, ningekaa mbele ya TV kila siku bila kukosa.

Pamoja na hiyo, narudia Siri ya Mtungi YouTube na mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye ilipotoka alikuwa bado ananyonya. Anauliza kwa nini hawana simu za kupangusa. Akishaacha kuuliza hivyo, anaanza kumkasirikia Cheche, na mimi nafurahi.

Ombi langu kwa wenye kujua: nitajieni tamthilia ya Kiswahili, ya hapa au ya Kenya, ambayo IMEKWISHA. Semeni na ina sehemu ngapi na inapatikana wapi. Mliotaja Kombolela hapo juu mnieleze vizuri, maana kila mtu kaandika jina tu hakuna aliyesema kama ilifungwa au iliachwa njiani. Na kama kuna aliyeimaliza tamthilia ya Huba tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka, huyo nina maswali naye mengi.