Kabla Hujamwita Shujaa

Wadogo zangu mnaoanza kuandika habari za kweli za watu, hasa ninyi mlioko vyuoni hapa Dodoma mnaonitumia makala zenu nizisome: leo nataka tuzungumze jambo moja kwa kirefu, kwa sababu nalikuta karibu kila mara. Neno "shujaa" linaingia mapema mno. Msomaji hajamwona mtu huyo ameshika chombo chochote, hajui anaamka saa ngapi wala anakula nini kabla ya kutoka, lakini aya ya kwanza imeshamtangazia kwamba huyu ni shujaa asiyeimbwa, jasiri, mfano wa kuigwa. Akifika aya ya tatu hana tena cha kugundua. Amepewa hukumu kabla ya ushahidi.

Nalijua kosa hili kwa sababu nililifanya, na aliyenisahihisha ni mtu niliyekuwa nikimsifu.

Makala yangu ndefu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mkagua njia ya reli upande wa Gulwe, wilayani Mpwapwa. Kwa wasiopajua: Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na kipande chake kinachosumbua kuliko vyote ni hiki cha kutoka Kilosa kupanda hadi Gulwe, ambapo njia inafuata bonde la mto Mkondoa na Kinyasungwe. Kiangazi unaweza kuuvuka Kinyasungwe bila kulowa kisigino, ni mchanga mtupu. Mvua ikipiga milimani unashuka na tope, mchanga na magogo, na mara nyingine unaacha njia yake ya mwaka jana na kujichimbia nyingine. Ukilila tuta kwa chini, reli inabaki hewani na mataruma yake, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, yakining'inia kama vidato vya ngazi. Kwa mbali dereva wa treni haoni tofauti. Anayetakiwa kuiona mapema ni mtu anayetembea kwa miguu.

Nilikaa na mzee huyo saa mbili, kwenye benchi la stesheni. Nikamuuliza anajisikiaje kufanya kazi ya hatari namna ile. Akajibu, "Ni kazi." Nikadhani huo ni unyenyekevu, nikauandikia aya tatu nzima. Neno "jasiri" nililileta mara tano. Makala ilipotoka, binti yake akamsomea, kisha mzee akanipigia simu. Alinishukuru kwanza, kwa heshima ya kiutu uzima, halafu akasema: "Mwanangu, umeandika vizuri. Ila mtu akisoma hapa hawezi kujua mimi nafanya nini."

Sentensi hiyo nimeibeba miaka yote hii. Nilikuwa nimekaa naye saa mbili bila kumwona akifanya kazi hata dakika moja. Lile jibu la "ni kazi" halikuwa unyenyekevu. Lilikuwa ni kunielekeza mahali pa kutazama, nami sikutazama.

Nilirudi mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimeshika, nikatembea naye siku nne. Hapo ndipo nilipoanza kupata habari. Kwanza, mwendo. Mataruma hayakupangwa kwa hatua ya binadamu. Ukikanyaga moja moja hatua ni fupi, ukiruka moja ni ndefu, na kokoto zilizo katikati zinageuka chini ya mguu. Mzee alikuwa na mwendo wake wa kukanyaga taruma, kokoto, taruma, na goti la kulia lilikuwa limeumia kwa mwendo huo. Pili, nyundo. Alikuwa akigonga boliti huku akitazama mbele, si chini, kwa sababu alikuwa akisikiliza. Iliyokaza inalia kwa sauti kali na fupi, iliyolegea inatoa sauti butu. Nilijaribu. Siku ya kwanza zote zilikuwa sawa masikioni mwangu. Siku ya nne niliitambua moja, akatikisa kichwa kukubali, akaikaza na spana bila kusema neno.

Tatu, jiwe. Kila alipofika kwenye daraja au kalvati, yaani mfereji wa kupitisha maji chini ya njia, penye maji, alishuka akaweka jiwe dogo pale pale maji yanapoishia ukingoni. Anakaa, anafunga tena kamba ya kiatu, anainuka kuliangalia. Jiwe likiwa limefunikwa, maji yanapanda. Hapo anaanza kuhesabu ni muda gani limechukua kufunikwa, na kuamua kama atoe taarifa sasa hivi au aendelee. Simu yake ilishika mtandao sehemu mbili tu kwenye kipande chake chote, na moja kati ya hizo ilikuwa juu ya kichuguu. Kwa hiyo uamuzi wa jiwe ni uamuzi pia wa kutembea kilomita ngapi kwenda kichuguuni, akiiacha bendera nyekundu imesimikwa nyuma yake.

Niambieni, baada ya jiwe lile, neno "jasiri" linaongeza nini?

Sisemi sifa ni haramu. Nasema ziache zimfikie msomaji zenyewe kupitia kitu alichokiona. Andika nyundo, andika jiwe, andika goti. Jaribu pia kuipima kazi kwa kipimo chake yenyewe. Nilitaka sana kuandika kwamba mzee ametembea umbali wa kuizunguka dunia, hesabu ilikuwa inakubali. Lakini mtu huyu miaka 22 amekuwa akienda na kurudi kati ya stesheni mbili, na dunia ya kuzunguka haimhusu. Nikamuuliza viatu. Alikuwa akivaa katambuga za tairi, pea mbili kila mwaka. Pea 44. Hiyo ndiyo niliyoiandika, na ndiyo wasomaji waliyoikumbuka.

Kutokana na hilo nimejifunza kubadili maswali. "Unajisikiaje?" humfanya mtu atafute maneno ya kukupendeza. "Jana ulifanya nini?" humrudisha kwenye siku yake. Baada ya hapo fuatilia: ulianza na nini, ulishika nini, nani alikuwepo, ulikula saa ngapi, ulitumia shilingi ngapi, kitu gani kiliharibika. Kama kazi yake inakubali mkono wa mgeni, saidia. Shika upande wa pili wa turubai, beba ndoo, palilia mstari mmoja wa mizabibu. Kule Mpunguzi na Hombolo mkulima wa zabibu atakueleza kupogoa kwa maneno kumi ukiwa na daftari, na kwa maneno mia tatu ukiwa na mkasi mkononi na umekata tawi lisilostahili kukatwa.

Sasa jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko hata la kwanza: mtu mmoja hafanyi kazi kubwa peke yake, na anayemwandika peke yake anasema uongo bila kukusudia.

Mmesikia habari za kisiki hai katika vijiji vyetu vya Dodoma. Miti iliyokatwa zamani haikufa, mizizi yake iko hai ardhini, na kila mwaka inatoa machipukizi yanayoliwa na mbuzi au kufyekwa wakati wa kuandaa shamba. Mkulima anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anafunga alama ya kitambaa, kisha analinda. Mwanafunzi mmoja aliniletea makala ya mama wa Chamwino anayefanya hivyo, kichwa chake kikisema ameligeuza jangwa kuwa msitu. Kwanza, Dodoma si jangwa. Ni nusu kame, mvua ni kama milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili. Ukiandika jangwa umemwongezea mama sifa na kumpunguzia ukweli, maana ujuzi wake wote uko katika kuijua mvua hiyo chache.

Nikamwambia mwanafunzi arudi, asiende tena kwa mama yule, aende kwa jirani mwenye mbuzi. Alirudi na makala nyingine kabisa. Kupogoa kulikuwa kazi ya asubuhi mbili tatu. Kilichochukua miaka ni kulinda: kukaa na wafugaji mpaka wakubali mifugo ipitie upande wa pili wa korongo, kumzuia shemeji aliyetaka mkaa, kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara nne kwa shauri lile lile la vitambaa vilivyofunguliwa usiku. Jirani alieleza kwa hasira jinsi alivyopinga, kisha akaeleza kilichomfanya aache kupinga. Mama yule alikuwa mkubwa zaidi mdomoni mwa mpinzani wake kuliko mdomoni mwa mwandishi aliyempenda.

Na nilipoisoma makala ile ndipo nilipoelewa, nikiwa nimechelewa miaka mingi, kwamba mchanga unaoshuka kuizika na kuila reli kule Gulwe unatoka kwenye milima na mashamba yaliyopoteza miti. Mama wa vitambaa na mzee wa nyundo hawajawahi kuonana, lakini habari yao ni moja. Mwandishi anayeuliza "kwa nini kazi hii imekuwa ya lazima?" ataufuata mto kwenda juu. Asiyeuliza atabaki kwenye daraja akipiga makofi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi. Tunapenda sana habari ya mkunga aliyezalisha kwa mwanga wa simu, ya mwalimu anayefundisha watoto mia moja chini ya mbuyu, ya msichana anayeamka usiku kuchota maji kwenye mchanga wa korongo. Zinagusa. Lakini nilikwenda kwenye zahanati moja, siitaji, nikaandika juu ya mkunga na simu yake mdomoni bila kuuliza hata mara moja umeme ulikatika lini na nani alipaswa kuurudisha. Watu walilia waliposoma. Mwaka uliofuata mkunga yule alikuwa bado anazalisha na simu mdomoni. Hilo linaniuma mpaka leo. Uvumilivu wa mtu usiutumie kuziba shimo ambalo wengine walilipwa kulifukia. Muulize yeye mwenyewe: ni kitu gani kingeifanya kazi hii isihitaji uvumilivu wako? Jibu lake liwe ndani ya makala, tena si mwishoni.

Kuhusu tarehe, nitasema kwa haraka. Wazee wetu wengi hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa matukio, nayo ni kalenda nzuri ukiwa na ufunguo wake. Mzee akisema "wakati wa Operesheni", anazungumzia kuhamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna mwaka ulipoamuliwa mji mkuu uje Dodoma, 1973. Kuna mvua za El Niño, 1997/98. Kuna msiba wa Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999. Na kwa watu wa reli kuna ajali ya treni ya Igandu, 24 Juni 2002, iliyoua zaidi ya watu 280. Hiyo usiitumie kama kigezo cha tarehe kwa mtu usiyejua alimpoteza nani. Panga maelezo ya mzee kwenye ngazi hiyo ya matukio, kisha linganisha na kitabu cha zamu, kadi ya kliniki, stakabadhi, au takwimu za mvua. Kumbukumbu ikikataa kulingana na karatasi, rudi ukaulize kwa upole. Mara nyingine karatasi ndiyo iliyokosea.

Lugha nayo. Mtu akiwa Mgogo na anakujibu kwa Kiswahili kifupi kifupi, usimwandike kama mtu wa maneno machache. Salimia kwa "mbukwenyi", tafuta mkalimani anayeijua kazi yenyewe, mwache aseme kwa Cigogo. Na usimtungie maneno. Kama hukusikia mazungumzo yale ya usiku wa mafuriko, andika kwamba alikusimulia. Alama za kunukuu ni kiapo.

Kabla ya kuchapisha, omba ridhaa upya, si ile ya siku ya kwanza alipokuwa hajui utaandika nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isomeni, lakini hata isingekuwepo, mtu atabaki kijijini na maneno yako baada ya wewe kupanda basi. Jina si lazima. Mimi majina mengi nayaacha, na sijaona makala iliyokufa kwa hilo. Msomee yote kwa sauti, akiwa na mtu wake wa karibu. Msomee hata yale yasiyompendeza.

Mzee wa Gulwe nilimsomea makala ya pili nyumbani kwake, jioni, binti yake akiwa ameandaa ugali wa uwele na mlenda. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale alipoliona tuta limeliwa na treni ya mizigo ikitarajiwa usiku ule, akanyoosha mkono nisimame.

"Hapo umesema nilikimbia."

Nikamwambia ndiyo, baba, kwa sababu ulikuwa na haraka.

"Usiku juu ya mataruma hakuna anayekimbia. Ukianguka ukavunjika, taa inazimika na treni inakuja. Nilitembea. Kisha weka na ile ya kuhesabu, kwamba nilikuwa nahesabu mataruma ili nijue nimebakiza kiasi gani kufika kichuguuni."

Sikuwa nimemuuliza juu ya kuhesabu. Nikatoa kalamu, nikafuta neno, nikamwomba aanze tena kuanzia kwenye daraja.