Unaanza kujitolea kwenye makao ya watoto? Anza na mama wa zamu

Vijana wanaomaliza fiziotherapia, tiba kwa vitendo na tiba ya matamshi hutafuta mahali pa kujitolea wakisubiri ajira, na wengi huishia kwenye makao ya watoto, hasa huku Arusha na Moshi ambako makao ni mengi. Wanaokuja huniuliza maswali yaleyale, nikaona bora niyajibu kwa maandishi. Majibu yote yanarudi kwenye jambo moja: saa yako ya mazoezi siyo tiba. Tiba ni zile saa nyingine zote ambazo mtoto analishwa, anaogeshwa, anabebwa na kulazwa, na mwenye saa hizo ni mama wa zamu.

Kwa hiyo ukishaonana na meneja na kukabidhi barua yako, mtafute yeye. Mpe shikamoo yake, hata kama shahada unayo na yeye aliishia darasa la saba. Atakuita dokta. Usibishane naye, ila usilivae sana jina hilo. Muulize ni mtoto gani anasumbua wakati wa kula, nani halali usiku, nani analia akiguswa. Majibu yake ndiyo tathmini yako ya mwanzo, maana fomu uliyofundishwa chuoni haitajazika. Inaanza kwa kuuliza ujauzito ulikuwaje na kama mtoto alilia alipozaliwa, na hapa hakuna wa kujibu. Ukibahatika utakuta kadi ya kliniki yenye uzito wa miezi michache, chanjo kadhaa, na barua ya ustawi wa jamii. Pasipojulikana, andika "haijulikani", usonge mbele. Kuna wanaojaza kwa kukisia, na kisio hilo linamfuata mtoto mpaka hospitali ya rufaa kana kwamba ni ukweli.

Neno yatima nalo lisikufumbe macho. Wengi wa watoto hawa wana baba au mama aliye hai, au bibi, au shangazi. Wapo walioletwa kwa sababu ulemavu uliwashinda watu nyumbani. Afisa ustawi wa jamii mwenye faili ndiye anayejua. Ukisikia kuna bibi anayekuja kila sikukuu, mpango wako wote unabadilika: na yeye ni wa kufundishwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia isiyo yake ya kuzaliwa, na mtoto anayeweza kulishwa bila kupaliwa na kubebwa bila kulia ana nafasi kubwa zaidi ya kupokelewa na familia kuliko yule ambaye mlo wake ni vita.

Nimetaja mlo kwa sababu ndipo pa kuanzia. Siku za mwanzo usimshike mtoto yeyote, kaa uangalie wakila. Chukua mtoto wa miaka minne hivi mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa. Mama amempakata chali, kichwa kimeangukia nyuma ya mkono wake, anammiminia uji mwepesi kijiko baada ya kijiko. Mtoto anakohoa, machozi yanamtoka, mama anamfuta na kuendelea, maana kuna wengine wanangoja na ndoo ya nguo haijaguswa. Shingo ikilalia nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na uji unaingia kifuani. Ndiyo maana mtoto yuleyule haishiwi na nimonia.

Ukimwambia mama "unakosea", umeshampoteza. Omba umlishe wewe, yeye aangalie. Mkalishe mtoto pajani, nyonga zikunjwe, mgongo uegemee mkono wako, kidevu kiinamie kidogo kifuani. Kijiko kitokee chini, usawa wa kifua, asije akainua kichwa kukifuata. Weka kidogo katikati ya ulimi, kandamiza taratibu, ngoja midomo ifunge yenyewe, kisha toa kijiko bila kukwangua meno. Uji uwe mzito kiasi. Ule mwepesi ndio unaopalia haraka. Akimaliza akae wima kama nusu saa. Halafu mpe mama ajaribu, ukae naye siku kadhaa bila kumharakisha. Akiona mlo umekwisha bila kukohoa na shati halijaloa, atamwonyesha mwenyewe mwenzake wa zamu ya usiku, na atamwonyesha vizuri kuliko wewe.

Sehemu ya pili ya kuangalia ni pale nepi inapobadilishwa. Mtoto asiyesimama wala kutembea, mwenye misuli iliyokaza, nyonga zake zinaweza kuchomoka polepole bila mtu kujua. Akilia kila miguu inapotanuliwa, usikimbilie kumnyoosha kwa kuwa mwongozo wa mazoezi umeandika hivyo. Huyo anahitaji eksirei na daktari wa mifupa. Kumvuta ni kumuumiza, na atajifunza kuogopa kila mkono.

Meneja atakuuliza, na mfadhili akija atakuuliza tena: atatembea lini? Jiandae na jibu la kweli. Kwa mtindio wa ubongo tunacho kipimo cha ngazi tano za uwezo wa mwendo, na mtoto wa ngazi ya tano, asiyeweza hata kushika kichwa chake vizuri, hatatembea hata ufanye bidii gani. Tafiti za ukuaji wa watoto hawa zinaonyesha kwamba wengi hufikia kama asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo wakiwa na miaka 5 au chini ya hapo. Kwa hiyo na mtoto wa miaka kumi, weka malengo mengine: akae mezani na wenzake mpaka mlo uishe, ajibu "ndiyo" kwa macho, ashike kikombe, ajigeuze kitandani asipate vidonda. Mfadhili huenda asifurahi. Mama wa zamu ataelewa palepale, kwa sababu yeye ndiye anayemgeuza.

Vifaa. Makao mengi yana stoo yenye viti vya magurudumu vya msaada, na vingi ni vya watu wazima. Mtoto akiwekwa humo anateleza kama gunia lililopangwa vibaya, mgongo unapinda, na kiti kilichokuja kumsaidia kinamharibu. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti hivi kwenye nchi zenye uwezo mdogo, na msingi wake ni kwamba kiti kipimwe kwa mwili wa mtumiaji na mazingira yake. Usipime kwa macho. Moshi kuna TATCOT pale hospitali ya KCMC, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT, tangu 1994. Andika rufaa. Wakati unasubiri, kiti cha kona, chenye mgongo wa pembe unaomshikilia mtoto pande mbili, kinatengenezeka kwa maboksi na gundi ya unga wa ngano, ufundi wa karatasi uliokuzwa Zimbabwe. Kikikauka vizuri na kupakwa rangi kinabeba mtoto bila wasiwasi. Kitengeneze na akina mama, siyo peke yako usiku, ili kikivunjika wajue pa kuanzia.

Sasa hili linawachanganya wengi. Utamkuta mtoto anajitingisha mbele na nyuma, anagonga kichwa, hakuangalii usoni, nawe utataka kuandika usonji. Ngoja. Mtoto aliyelala kitandani siku nzima bila mtu wa kumsemesha anaweza kuonyesha hayohayo. Romania tulipata somo kubwa: utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 ulifuata watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi, baadhi wakapelekwa kwa familia za kambo. Waliohamia kwenye familia walipata nafuu katika akili na katika kumwamini mlezi, zaidi wale waliohamishwa wakiwa hawajatimiza kama miaka miwili. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa, omba apangiwe mama mmoja wa kumwogesha na kumlisha kila siku, kisha mwangalie upya baada ya miezi michache. Na yule anayekurukia na kukukumbatia dakika ya kwanza, usidhani amekupenda. Mtoto anayekumbatia kila mgeni mara nyingi ndiye aliyeachwa na wengi.

Hapo ndipo suala la kuondoka linapoingia, na nakuomba ulifikirie siku unayofika. Usijifanye mama wala baba wa mtoto mmoja. Usiahidi utarudi Krismasi. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, likagusa mpaka madhara ya utalii wa vituo vya yatima. Wengi wakisikia hivyo wanamfikiria Mzungu na kamera yake, lakini sisi wenyeji nasi tunakuja kwa zamu na kutoweka ajira ikitoka. Picha za watoto usizitume popote. Sina la kuongeza hapo.

Unapoondoka, acha daftari moja, siyo faili lenye kurasa ambazo hakuna atakayezisoma. Kila mtoto ukurasa wake: anakaaje, analishwaje, anabebwaje, asifanyiwe nini. Michoro ni bora kuliko maelezo. Mwenye kifafa, andika dawa yake, kipimo chake na siku inapokwisha, kwa herufi kubwa. Fenobabitoni ikikatika ghafla, degedege linaweza kuja lisikome, na stoo ya makao haijui sikukuu wala mwisho wa mwezi. Daftari likabidhi kwa mama wa zamu mbele ya meneja, na mwache yeye amweleze atakayekuja nyuma yako.