Tamthilia imeondoka, ada iko palepale

SWALI: Mhariri, Netflix nailipia kila mwezi. Nilipakua msimu mzima kwenye simu niutazame safarini, sasa kila sehemu inagoma kufunguka. Simu imeharibika?

JIBU: Simu yako nzima, ndugu msomaji. Ada yako hainunui tamthilia. Inakupa ruhusa ya kutazama kilichopo, na tamthilia nyingi Netflix yenyewe imezikodi kwa mkataba. Mkataba ukiisha, hata ulichopakua hakifunguki, maana faili lile limefungwa kwa leseni. Huko Marekani, tamthilia ya vichekesho The Office iliondoka Netflix mwisho wa 2020 ikahamia Peacock, huduma ya kutazama mtandaoni ya wenye mali NBCUniversal: wakati huo misimu 2 ya kwanza ilikuwa bure, wa 3 hadi wa 9 kwa kulipia. Watazamaji waliumia, na walikuwa na haki.

Kabla hujaanza msimu mrefu, fungua ukurasa wa maelezo. Ukiwa umebaki kama mwezi mmoja tamthilia iondoke, utaona imeandikwa siku ya mwisho ya kuitazama. Hapo piga hesabu: sehemu 24 kwa siku 12 ni 2 kila usiku. Usingoje siku ya mwisho. Ile usiyokubali kuikosa kabisa, inunue kwenye diski.