Umefungua gari mwenyewe na sasa haiwaki? Anzia pale ulipogusa

Nina kirikuu, Suzuki Carry, inabeba mwani kutoka Paje, pwani ya Unguja, kuleta mjini. Anaebeba mwani anaelewa, hata ukauke vipi gunia linavuja chumvi tu, na chumvi ile yote inateremka kwenye chesisi. Sasa mwezi uliopita stata, ile mota inayowasha injini, ikaanza kuzunguka kwa uzito nikasema hii naifungua mwenyewe. Nikaishusha, nikabadilisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani yake, na kwa vile chini kushakuwa wazi nikashika brashi ya waya nikasugua kutu yote nikapaka rangi nyeusi mikono miwili, ikapendeza kweli. Asubuhi nikafunga kila kitu, nikapiga swichi. Tak. Nikapiga tena, tak, basi.

Hapo ndo watu wengi wanapoteza pesa, na mie nilikaribia. Huyu anakwambia betri imekufa, yule anakwambia stata umeiharibu wewe, nikaazima betri ya jirani, tak ileile. Nikaishusha stata mara ya pili nikaijaribu chini kwa betri moja kwa moja, inazunguka vizuri sana. Mtu akataka kuniuzia stata ya mtumba kwa 120,000 na mkono ulikuwa ushaingia mfukoni.

Nikampigia simu fundi umeme mmoja mtu mzima wa Fuoni. Hakuniuliza betri ya mwaka gani wala nini, aliniambia, "Mwanangu, washa taa kubwa halafu piga stata, zinafanya nini?" Nikamwambia hazifanyi kitu ami, zinawaka vilevile. Akasema, "Basi betri yako nzima, umeme ndo haupiti. Jana ulishika wapi na wapi?"

Swali hilo la mwisho naomba kila mtu alishike. Gari ilikuwa inawaka, umeifungua, haiwaki. Betri nayo kufa siku hiyohiyo inawezekana lakini ni nadra, mara nyingi tatizo liko pale mkono wako ulipopita: soketi haikuingia mpaka mwisho, waya umebanwa na bolti, fyuzi imekata spana ilipogusa, au ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Fyuzi ikikata weka ya ampea zilezile, usiweke kubwa wala usizungushie waya, utaunguza gari.

Kwangu ilikuwa ethi. Umeme unaotoka chanya ukiingia kwenye stata lazima urudi hasi ya betri, na unarudi kupitia bodi ya injini, halafu ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na chesisi. Mie mkanda niliurudisha, bolti nikaikaza sana, lakini nimeikaza juu ya rangi! Rangi haipitishi umeme, unaopita ni ule mdogo wa kwenye nyuzi za bolti, unatosha kwa vitu vidogo lakini stata inakula ampea nyingi haiwezi kuzunguka kwa huo.

Ukiwa na mita, hata ile ya bei rahisi, utaona mwenyewe. Weka gia fri na hendibreki, mita iwe volti DC 20, usiiweke ampea hata kidogo. Betri iliyotulia na imejaa inasoma 12.6 hivi, ikiwa 12.0 imeisha, ichaji kwanza. Halafu mwenzio apige stata wewe unapima betri: ikianguka chini ya 9.6 betri ina mushkeli au stata inavuta kupita kiasi. Yangu ilibaki 12.3, yaani kinachovutwa ni kidogo tu. Sasa ndo kipimo chenyewe, waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwengine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Inatakiwa isome kidogo sana, 0.2 hivi, ikizidi 0.5 ethi mbovu. Mie nilisoma 8 na pointi. Huna mita? Chukua kebo ya kuazimia moto, unganisha hasi ya betri na injini moja kwa moja, ikiwaka ushapata jibu. Yangu iliwaka pale pale.

Nikafungua ile bolti, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'ara, na jicho la mkanda nalo nikalisugua maana lilikuwa na ile kijani ya shaba iliyoliwa na chumvi. Nikakaza, halafu NDIO nikapaka grisi juu na rangi pembeni. Kipimo kikawa 0.1, injini ikiunguruma betri inasoma 14.1, alteneta inachaji.

Kitu kimoja hicho usikipuuze. Siku zile napiga piga stata nilisikia harufu ya plastiki, nikanyanyua kiti, injini iko chini yake, nikashika kebo ya ekseleta, ya moto na ganda lake limelainika. Umeme ukikosa njia ya ethi unajitafutia nyengine, ulikuwa unarudi kupitia kebo ile. Kwa hiyo usipige stata zaidi ya sekunde 5 ukisubiri miujiza, na ukisikia harufu hiyo toa waya wa betri kwanza. Kebo nimeibadilisha, maana ile baada ya kupata moto pedali ilikuwa ikikanyagwa inachelewa kurudi, na barabara ya Paje ina watoto wa skuli.