Menejimenti, uongozi au usimamizi?

Msomaji kaniuliza: "Nimeandika ripoti yenye kichwa 'Changamoto za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni zinazoikabili menejimenti katika nchi inayoendelea'. Bosi kakata menejimenti kwa wino mwekundu kaweka uongozi, eti menejimenti siyo Kiswahili. Nani yuko sahihi?"

Bosi kateleza kidogo hapo. Menejimenti limetoholewa kutoka Kiingereza, sawa, ila lishazoeleka na lina kazi yake. Uongozi linatokana na ongoza, yaani kuonyesha njia, ndo maana hata mtu asiye na cheo chochote anaweza kuwa kiongozi. Usimamizi umetoka kwenye simama, ukalinyambua ukapata simamia, unamwona kabisa mtu kasimama pale anaangalia kazi inavyokwenda. Utawala ni mambo ya mamlaka. Sasa menejimenti lina maana mbili, ile shughuli ya kupanga watu, hela na vifaa, na pia wakubwa wenyewe kwa ujumla wao, ukisikia "menejimenti imekataa kuongeza mishahara" huwezi kusema usimamizi umekataa, haiingii kabisa.

Kwa hiyo angalia unazungumzia nini. Mfumuko wa bei umepandisha gharama, fedha za kigeni hazipatikani na spea zimekwama, umeme ukikatika mashine zinalala, hayo ni ya menejimenti. Ila kijana kapewa cheo halafu anaona aibu kumkaripia mfanyakazi mwenye umri wa baba yake, au ndugu zake wanataka ajira na sifa hawana, hapo anapimwa uongozi wake, na labda hicho ndo bosi alikuwa anakiwaza. Ripoti yako inagusa yote, mi ningeacha menejimenti.

Kinachonikera kwenye kichwa chako ni changamoto. Neno zuri tu, jambo linalokuchochea ujitume, lakini siku hizi kila balaa ni changamoto, mpaka hela za ofisi zikiibiwa! Huo ni wizi, andika wizi. Ile "za" kabla ya kiuchumi umeiweka vizuri, wengi wanaandika "changamoto kiuchumi" sijui wameitoa wapi.

Halafu mwambie bosi kwa adabu, akishaweka uongozi basi na kitenzi kinabadilika, inakuwa "zinazoukabili", yeye kakata neno moja ile "i" kaiacha palepale.